Soksi ya Nailoni Juu ya Waya

Mgeni rasmi, Ntate Diwani Tshokolo Mofubelu. Afisa wetu wa michezo, Lehlohonolo. Na majirani wote wa Leralleng:

Karibu kwenye jimu ya bibi zako. Chai ipo, na maandazi ya bibi mwenzetu, Nkgono Dineo, bado yana moto. Kaa kiti chochote, baba, isipokuwa kile cha mashine kilichofungwa kitambaa chekundu. Sababu tutaisema.

TULIKOTOKA

Mashine hizi za kuvuta tulipewa na shule iliyofungwa. Siku ya kwanza tulizisafisha kama tunavyosafisha baraza zetu, kwa dawa nyekundu ya sakafu, matambara na nyimbo. Nguzo ziling'aa kweli, lakini vyuma vya uzito viliganda juu vikakataa kushuka. Nkgono Dineo akamgeukia Nkgono Puseletso, aliyepaka kuliko wote: "Shoga, sasa tufanye mazoezi au tuanike nguo?" Kuikwangua ile dawa ilikuwa kazi.

TULIPOFIKA

Siku hizi hatubahatishi. Kila Jumatatu, kabla ya kufungua, tunafuta nguzo kwa kitambaa kikavu na kuzipaka mafuta mepesi, kidogo tu. Makapi, yale magurudumu yanayopitisha waya, tunayazungusha kwa mkono huku tumetega sikio, na skrubu zilizolegea tunazikaza. Kisha Nkgono Puseletso huvaa soksi kuukuu ya nailoni kiganjani na kuipitisha juu ya waya, polepole, mpaka mwisho. Waya ulio mzima huiachia soksi ipite. Uzi mmoja wa waya ukikatika, soksi hunasa kabla jicho halijaona.

Puseletso huyu alikuja kwetu baada ya kiharusi, mkono wake wa kulia haufiki sikioni; hata dawa ile aliipaka kwa wa kushoto. Mashine ya kuvuta kutoka juu ndiyo iliyomrudishia mkono. Leo anamsuka mjukuu wake nywele.

LINALOTUSUMBUA

Asubuhi hii soksi imenasa kwenye mashine hiyohiyo, ile uliyopangiwa kuivuta mbele ya wapiga picha. Puseletso kwanza aliikunja soksi akaitia mfukoni, maana wote tunajua utaratibu: ukumbi ukionekana una mashine mbovu, unapigwa kufuli. Lehlohonolo, kwa kututakia mema, akasema waya utastahimili mvuto mmoja. Puseletso akamwambia, "Mwanangu, hata mimi nilikuwa nastahimili, mpaka siku niliyoanguka." Akavua kitambaa chake chekundu cha kichwa, akakifunga kwenye kile kiti.

TUNALOOMBA

Hatuombi mashine mpya. Tunaomba waya mmoja. Na tunaomba kufuli lifungwe kwenye mashine, lisifungwe mlangoni, ili anayekagua asiogope kusema alichokiona.

Picha zitapigwa, usijali. Nkgono Puseletso amekunyooshea soksi kwa mkono ule wa kulia. Ipokee, Ntate, uipitishe juu ya waya wewe mwenyewe, bila haraka. Itakaponasa, utakuwa umeisoma risala yetu yote.

Mungu akutunzie viungo vyako, uzeeke mkono wako ukifika sikioni.

Ni sisi,
Bibi Wavutaji wa Leralleng