Bi. Jedida Sanga na Kanuni Arobaini na Moja za Mto Sabaki

Bi. Jedida Sanga anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Tahadhari ya Mafuriko kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu. Aliomba mwenyewe wasifu huu uandikwe na Nicholas Kioko, mhandisi wa mifumo ya kompyuta. Nicholas Kioko ndiye mimi. Nilimwuliza kwa nini asimchague mtu anayempenda zaidi. Akacheka, akasema, "Wanaonipenda wataandika uongo."

Alizaliwa Kakuyuni, akasoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa Februari 1992 kuwa msoma kipimo. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea hadi ukingoni mwa mto mara tatu kwa siku, kusoma namba kwenye nguzo iliyopakwa rangi, na kuiandika daftarini. Bi. Jedida aliandika namba, kisha akaandika na mengine ambayo hakuna aliyemwuliza: maji yana rangi gani, yamebeba povu au matete yaliyong'oka, viboko wamehamia upande upi. Baadaye akawa karani wa data, kisha karani mkuu. Madaftari yakafika sitini na mawili.

Mimi nilikuja mwaka 2017 kutoka Machakos, na shahada ya uzamili ya akili mnemba na viatu vipya. Siku ya kwanza nilimnyooshea mkono bila kumwamkia. Ofisi nzima ikageuka kututazama. Yeye akaupokea mkono, akajibu, "Marahaba, baba," kama kwamba nimemwamkia kwa adabu zote. Watu waliangua kicheko. Nadhani nilianza kumwonea wivu hapo hapo, kabla hata sijaonyeshwa meza yangu.

Niliunda programu inayojifunza yenyewe. Niliilisha picha za mvua kutoka setelaiti na namba za vihisi vya kupimia maji vilivyofungwa mtoni, za miaka sita, nayo ikawa inatabiri kina cha maji siku mbili mbele. Nilipendekeza tuyafunge madaftari kwenye makasha. Katika kikao hicho Bi. Jedida alikuwa akimenya chungwa. Alisema, bila kuinua macho, "Mashine ya Kioko isome mawingu. Daftari langu lisome mto. Halafu awepo wa tatu, kazi yake kuwauliza wote wawili: leo nani ana uhakika?"

Wanaonisoma wasielewe vibaya. Huo ndio mfumo mseto. Ni kuunganisha akili mnemba za aina mbalimbali, ile inayojifunza kutokana na data, ile inayofuata kanuni zilizoandikwa na binadamu, na ile inayopima kila moja iaminiwe kiasi gani. Nilikuwa nimesoma makala za wataalamu juu yake mwaka mzima, nikingoja wakati mzuri wa kuupendekeza kama wazo langu. Akaumaliza kwa chungwa moja.

Mkurugenzi wetu, Bwana Ochola, alipenda. Kwa miezi minane nilikaa na Bi. Jedida tukiyageuza madaftari kuwa kanuni. Zikawa arobaini na moja. Alikuwa mwalimu mvumilivu na mwimbaji mbaya sana wa tenzi za kanisani. Nikirudi nyumbani, mke wangu Mwikali hakuniuliza nilishindaje. Aliuliza, "Mama Jedida kasema nini leo?" Wageni wakija kituoni walimwita yeye mhandisi, na mimi waliniomba niwaonyeshe choo kiko wapi. Alialikwa Nairobi kuzungumza mbele ya maprofesa. Mimi nilimbebea kompyuta.

Sasa nafika pale ambapo wasifu wa kawaida huruka.

Agosti mwaka juzi tulitarajia wageni kutoka ng'ambo. Yule "wa tatu" katika mfumo alikuwa akizipa kanuni za Bi. Jedida nusu ya uzito, na programu yangu nusu. Siku moja kabla ya wageni nilifungua mipangilio, nikashusha uzito wa kanuni zake hadi moja ya kumi. Nilitaka kwa siku moja tu mashine yangu ing'are peke yake. Iling'ara. Wageni walinipongeza kwa jina. Nilikusudia kurudisha kesho yake. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa kumi na moja, na kila nilipokumbuka nilijiambia mto umetulia.

Novemba, Jumanne moja asubuhi, Malindi ilikuwa kavu na jua kali. Skrini ilikuwa ya kijani: hakuna hatari. Mwaro, msoma kipimo wetu wa sehemu ya juu ya mto, alituma ujumbe kwamba maji yamekuwa mekundu kama tofali, lakini kihisi chake hakijasogea. Bi. Jedida akaja mezani kwangu.

"Kioko, kanuni ya kumi na saba imelia?"

Kanuni ya kumi na saba ni hii: maji yakibadilika rangi, na kipimo kisisogee hata kidogo kwa saa tatu, basi kipimo kimezibwa na takataka, usikiamini. Nikatazama. Ilikuwa imelia tangu alfajiri.

"Imelia."

"Mbona skrini ni ya kijani?"

"Mfumo umepima yote, Mama. Umeona hakuna neno."

Programu yangu iliona kihisi kimetulia, ikadhani mto nao umetulia. Katika miaka sita niliyoilisha haikuwahi kuona mafuriko ya bara yakishuka Pwani penye jua. Bi. Jedida alikuwa ameyaona mara nne. Nami nilijua vizuri kwa nini sauti yake haisikiki ndani ya mashine. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilinyamaza.

Hakubishana nami. Bwana Ochola alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Karani hana mamlaka ya kutoa tahadhari. Anayeitoa bila idhini anaweza kufukuzwa, na yeye alibakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Aliketi, akavuta simu, akaanza kuwapigia wazee wa vijiji mmoja mmoja. Nilimsikia akimwambia mmoja wao, "Maji yasipokuja, nitukaneni mimi. Nitakuja mwenyewe kutukanwa. Lakini toeni watoto na mbuzi bondeni sasa hivi."

Kufikia adhuhuri, kaya mia moja na themanini zilikuwa zimepanda hadi shule ya msingi iliyo mlimani. Wengine walikuwa wakimlaani, maana jua lilikuwa linawaka na mahindi yalikuwa yamekaribia kuvunwa. Saa tisa alasiri maji yalifika. Yalichukua mahindi, migomba, vyoo vitatu na nyumba ishirini na saba. Mtu hakuchukuliwa hata mmoja.

Saa kumi nilifungua mipangilio ili nirekebishe kimyakimya. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaisoma ile namba.

"Nani aliibadilisha?"

"Mimi."

Nilingoja anipigie kelele. Alishika mgongo wa kiti changu. Kisha akasema, "Irudishe. Halafu nenda shuleni ukawatazame wale watoto. Wahesabu." Nilikwenda. Walikuwa mia tatu na kumi na wanne. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilishindwa kuendelea.

Bwana Ochola alipotaka ripoti, yeye ndiye aliyeiandika. Ilisema: "Uzito wa kanuni haukuwa sahihi, umesahihishwa." Jina langu hakulitaja. Wengi mngedhani nilishukuru, na kweli nilishukuru. Lakini wivu wangu ulizidi. Ningeweza kuvumilia kuzidiwa akili na mwanamke wa kidato cha nne. Kuzidiwa moyo pia kulinichoma. Kituo kilipata tuzo mwaka jana, picha ikatoka gazetini: Bi. Jedida yuko katikati anacheka, na mimi nimo pembeni, sikio moja limekatwa. Nilinunua nakala mbili hata hivyo.

Tangu hapo mfumo wetu mseto haubadilishiki bila sahihi za watu wawili, na kila uzito ukiguswa jina la aliyeugusa linabaki. Kanuni hiyo ya arobaini na mbili tuliiandika pamoja. Ni yeye aliyenipa kalamu.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu, iliyojaa sifa, isiyo na habari ya Agosti. Aliisoma, akairudisha. "Umeniandika vizuri," alisema. "Wewe mwenyewe humu hukuonekana." Kwa hiyo hii ndiyo rasimu ya pili. Bwana Ochola anaisoma leo pamoja nanyi, na Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pake, kwa lolote atakaloamua.

Bi. Jedida, kwa niaba ya kituo na ya kaya zote za bondeni, asante. Shamba lako la Kakuyuni likupe mazao, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na mto usikuamshe tena. Uishi vyema, Mama, na uishi sana.

Nami nakuonea wivu hata unapoaga, kwa kuwa unaondoka huna ulichoficha. Kuanzia leo, angalau kwa hilo, tumelingana.