Muziki wa Standadi Nane

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho haya na masikio haya, Thika, miaka ile ya Emajensi, ya hali ya hatari, kwenye benchi mbele ya duka la vitambaa la Dhanji. Jumapili duka lilifungwa, benchi likawa letu. Ndinda, mwuza kahawa, alileta birika lake, na sisi watumishi wa mashamba ya Wazungu tukaulizana habari moja tu: nani anasikiliza nini. Maana gramafoni ya Mzungu haichagui. Sauti yake inapita dirishani mpaka kwa mkata majani. Siku hiyo alikuwepo Gathogo, mkata ua wa miiba ya kaiyaba, na Muasya dereva, tuliyemwita Gia. Alikuwepo na Nicanor, mpishi wa Bwana ambaye mimi nilimpasulia kuni. Nami nilisoma mpaka Standadi Tatu, karibu kuimaliza.

— Gathogo, unasikiliza gani siku hizi? akauliza Gia.

— Niko Namba Nne. Ile watu wanakimbizana na fidla, halafu mmoja anaanguka ngazi na ngoma yake.

— Bado uko Namba Nne? Mimi nilitoka hapo kabla ya mvua. Sasa niko Saba.

— Wewe unasikia ukiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Hiyo yako ni Tatu na nusu.

Ikabidi niwaeleze. Zile namba ni standadi. Mtunzi anaanza Standadi Wani kama mtoto yeyote, halafu anapanda. Bwana wetu akishika santuri husoma jaladani, "Namba Nane, opasi mia na kumi." Opasi maana yake alipasi. Alipata maksi mia na kumi.

— Mia na kumi kwa ngapi? akauliza Gathogo.

— Kwa mia.

— Hizo kumi alitoa wapi?

— Wote hao ni marehemu. Marehemu huongezewa.

Nicanor hakucheka.

— Hiyo Namba Nane ndiyo ya leo, akasema. Kuna wageni wa chamcha. Nyama, halafu muziki, halafu pudini. Memsaab anataka pudini iingie muziki ikiisha.

— Si uingize, akasema Gia.

— Inaisha ya uongo. Inanyamaza, naingia, kumbe Bwana anageuza santuri upande wa pili. Nimemkatiza mara mbili. Amesema nikirudia, nibebe blanketi yangu niende.

Siku zile Mkikuyu bila kazi alipakiwa kwenye lori akarudishwa rizavu, eneo walilotengewa, na nyumba ya Nicanor huko rizavu ilikuwa imeshachomwa.

— Rahisi sana, akasema Gia. Namba Nane ina gia nane. Ya mwisho inanguruma, halafu breki.

— Gari ya gia nane uliiona wapi? akauliza Nicanor.

— Kwa muziki.

— Usimsikilize huyo, akasema Gathogo. Angalia mbwa wa Bwana. Muziki ikiisha, anasimama.

— Ule mbwa ni kiziwi, rika yangu, akasema Nicanor.

— Ndiyo maana hadanganywi.

Nikaona nimsaidie kisomi. Standadi nane ni mitihani nane, na baada ya kila mtihani watoto hutulia. Ahesabu vituo vinane, cha nane aingie.

— Na mgeni akikohoa katikati? akauliza Nicanor, vidole tayari.

— Toa moja.

Hapo ndipo alipofika Idah, yaya aliyeshuka kwenye basi la Ruiru akitafuta njia ya kwa bwana wake mpya. Akapewa kahawa, akatusikiliza mpaka kikombe kikaisha, akauliza kwa upole:

— Na katika nyinyi, nani ameshasikia hata mojawapo ikiisha?

Gathogo akaangalia viganja vyake. Kengele ya kutoka kazini humkuta katikati. Gia hulala kwenye usukani. Mimi shoka langu lina kelele. Ndinda akainamisha birika kwenye kikombe cha Nicanor. Halikutoa kitu.

Chamcha ilinikuta chini ya dirisha la Bwana. Pudini ilikuwa nyekundu, ya kutikisika, na kwa joto la Thika ilianza kumwagika ubavuni. Nicanor, mlangoni, alikuwa amefikia kidole cha tatu. Kimya cha nne kilipoingia, aliitazama pudini, akausukuma mlango kwa bega. Bwana alikuwa ameinama, santuri mkononi, anaigeuza. Uso wake ukawa mwekundu kuliko pudini. Kabla hajafungua mdomo, wageni wakapiga makofi. Wakasimama kabisa. Memsaab akasema asante. Bwana akaitazama santuri, akawatazama wageni wake, akairudisha kwenye jalada lake polepole. Nani angewaambia wageni kwamba bado?

Nicanor alipika katika nyumba ile mpaka Bwana akauza shamba.

Yote hayo ni kweli tupu. Ila pale niliposema wageni ndio walioanza makofi, hapo nilitunga. Aliyeanza ni mimi, chini ya dirisha, shoka nimelilaza. Wao walifuata.