Kitabu Ambacho Hakitazikwa Pamoja na Tabibu Vitalis

Baba Padri, viongozi wa kijiji, wajomba na mashangazi, majirani zetu wa Lisekese, nanyi mliopanda gari alfajiri kutoka Newala, wakubwa shikamooni, wote poleni na msiba. Naitwa Upendo, kitinda mimba wa marehemu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwaka wa tatu, na familia imenipa karatasi mbili na robo saa nisome historia ya Baba yetu, ingawa mjomba Halfani, kaka yake Mama, amenikumbusha mara mbili tangu asubuhi, "Upendo mwanangu, pale ni msibani, si ukumbi wa mdahalo," nami nikamwitikia, "Ndiyo mjomba," kwa hiyo nitasoma tarehe kwa tarehe kama inavyotakiwa, na atakayesikia mdahalo humu ndani ajue umeletwa na tarehe zenyewe. Mnaona pia kwamba pembeni ya picha ya marehemu kuna kitabu kinene cha jalada la kijani, ambacho jana kikao cha wazee kilipitisha kiwekwe ndani ya jeneza, kikawekwa, na leo asubuhi mimi nimekitoa, sababu yake imo ndani ya historia hii, naomba mnivumilie tufike.

Marehemu Vitalis Faruku Chipanda alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Lulindi, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Faruku Chipanda, Mwislamu wa Newala aliyehamia ukweni kama ilivyo desturi yetu ya mume kumfuata mke kwao, na Bibi Helena, aliyekuwa akifua mashuka ya wagonjwa pale misheni, na ndiko Baba alikoizoea harufu ya dawa kabla hajajua kusoma neno hata moja.

Alisoma shule ya msingi Lulindi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi 1979, mwaka 1981 akajiunga na mafunzo ya uganga wa vijijini akamaliza 1983, na baada ya kufanya kazi miaka sita alichaguliwa kwenda kusomea utabibu, akahitimu tarehe 26 Novemba 1993. Siku hiyo ya mahafali mwalimu wake wa somo la dawa, mzee aliyekuwa anastaafu, alimwita pembeni akamkabidhi kitabu chake mwenyewe cha famakolojia, yaani elimu ya dawa na kile inachokifanya mwilini, kurasa elfu moja mia mbili na kumi na nne, Kiingereza kitupu, akamwambia, "Vitalis, wenzako watakuambia daktari ni kichwa, wewe usikiamini kichwa chako, fungua."

Kwa faida ya wasiojua, kitabu cha namna hiyo kinaeleza kila dawa inaingiaje mwilini na inatokaje, kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua, mjamzito apewe ipi na anyimwe ipi, ini likichoka ufanyeje, na jambo ambalo leo limetukutanisha hapa, dawa ipi haipatani na dawa ipi. Baba alikisoma chote kwa msaada wa kamusi, ikamchukua miaka miwili na miezi mitatu, akiandika pembeni kwa penseli maana za Kiswahili, na dawa mpya zilipokuja aliziandika kwenye karatasi akazibandika kwa gundi mahali pake, ndiyo maana mnakiona kimevimba kama mtu aliyevaa makoti mawili.

Mwezi Januari 1994 alipangiwa Zahanati ya Nambendo, wilayani Newala, na hapo ndipo matatizo yake na ninyi, ndugu zangu, yalipoanza, kwa sababu kwetu huku mganga akishakutazama anatakiwa ajue, na akifungua kitabu mbele yako unaondoka na kutangaza kisimani kwamba wameletewa mwanafunzi. Walimwita Bwana Ukurasa. Wapo waliorudi nyumbani na homa zao kwa madai kwamba hawawezi kutibiwa na mtu anayetafuta ugonjwa wao kwa kidole, na wapo watumishi wenzake waliocheka nao, kisha wakaenda kubahatisha dozi stoo ambako hakuna anayewaona.

Tarehe 17 Julai 2001, msimu wa kupulizia mikorosho, aliletwa pale kijana anayeitwa Ashiru, udenda unamtoka, jasho linamtiririka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinachemka kama chungu, na ndugu zake walikuwa wameshaamua kwamba amerogwa, lakini Baba alinusa shati lake, akasikia harufu ya dawa ya wadudu, akaketi, akafungua kitabu. Kaka mkubwa wa Ashiru akampigia Baba kelele, "Mtu anakufa, wewe unasoma gazeti?" Baba akamjibu bila kuinua macho, "Nikikosea dozi atakufa haraka zaidi, mlaze ubavu." Akampa atropini, dawa ya kuizima sumu ile, akasubiri dakika tano, akaongeza maradufu, akasubiri, akaongeza tena kama ukurasa ulivyosema, hadi kifua kikakauka, na huyo Ashiru ndiye aliyebeba jeneza hili leo upande wa kushoto mbele.

Mama Kurwa naye yupo, ameniruhusu nimtaje, naye alikuwa akimeza dawa za kifua kikuu huku akimeza vidonge vya uzazi wa mpango, kila siku bila kuruka, kwa ushauri wa mtumishi ambaye hakupenda vitabu, akapata mapacha. Alipokuja kumlalamikia Baba kwamba serikali imemdanganya, Baba alimfungulia ukurasa unaosema rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huvidhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, akamsomea kwa Kiswahili polepole, Mama Kurwa akasema, "Kumbe wanangu walikuwa wameandikwa humu, tabibu, na ninyi hamkuniambia," na tangu siku hiyo hakutibiwa na mtu yeyote kabla hajamuuliza kitabu kiko wapi.

Tarehe 5 Oktoba 2009, akiwa ameshahamishiwa kituo kingine, wilaya hii ya Masasi, aliandikiwa barua ya onyo, ninayo hapa, inayosema kwamba kitendo cha kufungua kitabu mbele ya wagonjwa kinapunguza imani ya wananchi kwa mtoa huduma, na kwamba kama ni lazima asome basi asomee stoo. Baba aliisoma barua hiyo mara moja, akaikunja, akaifanya alama ya kurasa, ikafanya kazi hiyo kwa miaka kumi na sita. Sisi watoto hatukuwa na ujasiri wake. Mimi nilipokuwa darasa la nne niliitwa mtoto wa Bwana Ukurasa hadi nikamwomba Baba, nikilia, asome stoo kama alivyoagizwa, akaniambia, "Upendo, anayeona aibu kuuliza anamwachia mgonjwa alipe," mimi nikaona ananihubiria. Alistaafu kwa heshima tarehe 14 Machi 2021, akarudi hapa Lisekese kwenye mikorosho yake, na bado watu walimfuata na vikaratasi vya dawa wakitaka avisome.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Mama yetu, Oliva, tarehe 9 Septemba 1989, wakajaliwa watoto watatu, Yasinta aliyezaliwa 1991, Anderson 1995, na mimi 2003. Mama, ambaye muda wote huu anakitazama kitabu hiki, alikuwa akikiita mke mwenzangu, akisema kwamba mwenzake anafunikwa kanga nzuri kuliko yeye, na ni kweli, kanga aliyokifungia kitabu ilikuwa ya harusi yao.

Mwaka 2022 Baba aligundulika kuwa na tatizo la mapigo ya moyo, akaanzishiwa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aliyoimeza kwa saa na kwa dakika. Ijumaa tarehe 1 Agosti mwaka huu wa 2025 alipata homa kali na maumivu ya mkojo, tukampeleka hospitali ambayo familia imeniomba nisiitaje, naitii familia. Jumamosi akaanzishiwa vidonge vingine juu ya vile vya moyo, akauliza ni vya nini, akaambiwa, "Vya kuua wadudu, mzee," akauliza jina, hakupewa. Homa ilikuwa imemchanganya, lakini aliniambia, "Kama ni septrini, kuna jambo kati yake na dawa yangu, silikumbuki sawasawa, kaniletee kitabu," nikakifuata nyumbani.

Jumatatu tarehe 4 Agosti, saa tatu asubuhi, daktari kijana alipita na wanafunzi wanne nyuma yake, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, kitabu kiko mapajani ndani ya kanga, Baba akasema, "Daktari, naomba tufungue kitabu kwanza." Daktari akatabasamu, akasema, "Mzee, leo wewe ni mgonjwa, tuachie sisi." Wanafunzi wakacheka kidogo. Mjomba Halfani akasema, "Shemeji, usiwaaibishe watoto wa watu kazini kwao." Mama akanifinya. Mimi, niliyekwisha kusimama mbele ya majaji wa mdahalo na kumpinga kila aliyewekwa upande wa pili, niliona haya, nikaogopa wodi nzima isinione mtoto wa Bwana Ukurasa, nikanyamaza, walipoondoka nikammiminia Baba maji, nikamwekea vidonge kiganjani, naye akanitazama, akameza. Wapo watakaosema vitabu vimepitwa na wakati, siku hizi yote yamo kwenye simu, nami nawajibu kwamba pale kitandani palikuwa na simu sita, ya kwangu ikiwemo, na hakuna iliyotoka mfukoni.

Ijumaa tarehe 8 alianza kutokwa damu, fizi kwanza, kisha tumboni, Jumapili ikawa kichwani, na Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, marehemu akafariki dunia. Siku hiyohiyo niliona kwenye cheti chake kwamba vidonge vile vilikuwa septrini, ndipo nilipofungua kitabu. Ni mistari minne, inasema septrini hukuza nguvu ya wafarini, mgonjwa aweza kuvuja damu, ipewe nyingine au damu ipimwe mara kwa mara, na pembeni kuna penseli ya Baba, "hatari, uliza kila mara." Ningehitaji nusu dakika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, nasema wote, na waliomkesha siku tatu za mwisho tunawashukuru zaidi, tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na unga, watumishi wenzake wa zamani waliokuja hata wale waliomcheka, kwaya, na mjomba Halfani kwa kusimamia mazishi haya. Kikao cha wazee jana kiliona kitabu kizikwe naye, iwe heshima kwake, na yaishe. Wazee wangu, nawaheshimu, ila hayajaisha, maana wodi ile leo asubuhi ina wagonjwa.

Yule daktari kijana alikuja jana nyumbani, hakuzunguka maneno, alimwomba Mama aonyeshwe huo ukurasa, Mama akamwambia amuulize Upendo, mimi nikamwambia aje leo. Nimemwona, amekaa nyuma kabisa. Daktari, Mama ameridhia, kitabu hiki tukishazika utaondoka nacho, hupewi kama zawadi na hujasamehewa nami, kikae mezani wodini, kisiingie kabatini, na barua ya onyo imo, nimeihamishia kwenye ukurasa ule. Nanyi waombolezaji, siku akikifungua mbele yenu, kaeni kimya, subirini amalize kusoma.

Baba, nimefungua, nimechelewa. Pumzika kwa amani.