Farasi Waliopunguzwa Kazi

Tangu treni iondoke Dodoma, Elieth alijifanya amelala, maana uhondo wote ulikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Optatus, ofisa wa shirika la reli aliyesomea Ulaya, alikuwa akimsimulia Mama Noeli wa Bahi habari za tramu, yale magari yanayopita juu ya reli katikati ya barabara.

"Mji wetu ulikuwa wa viwanda, mama. Mwanzoni tramu zilivutwa na farasi. Ulipokuja umeme, farasi wakapunguzwa kazi."

"Kama Baba Noeli wangu, fundi wa injini hizi hizi."

"Baadaye wakang'oa reli, wakaleta mabasi. Sasa wanazirudisha tramu."

"Wanarudisha walichong'oa wenyewe? Na ndio hao waliokufundisha uje kutupunguza?"

"Ni wataalamu, mama."

"Na umeme ukikatika?"

"Kule haukatiki!"

Elieth akabana kicheko. Kwao Makole, hapo hapo Dodoma mjini, walikuwa gizani tangu Jumatatu.

Optatus ndiyo kwanza anaanza kueleza uzuri wa soko huria, injini ikakohoa, treni ikasimama porini. Mama Noeli akachungulia dirishani, kisha akamgeukia Optatus kwa upole.

"Farasi wangu yuko Bahi, anapalilia mpunga. Haya baba, shuka ukamwite."