Niliandika Njia ya Zamani

Mama zangu, papa zangu wa ushirika wa mpunga, mumeniomba niseme. Munanijua: mimi ni mtu asiyekaa. Nilimaliza sekondari hapa Kasongo, nikaondoka. Salamabila, Kalemie, Uvira, zaidi ya miaka ishirini, na kila mahali niliwasimulia watu habari za kwetu mpaka wakachoka.

Niliporudi nilimkuta injinia mmoja, profesa. Maisha yake yote alifundisha namna mavuno yanavyofika kiwandani bila kukwama wala kuoza. Alitaka kupanga safari za mpunga kutoka mashamba ya Wamaza hadi mashine yetu ya kukoboa. Akaniambia, "Pita na njia ile. Andika baiskeli yenye mzigo inatumia muda gani."

Ndugu zangu, sikupita. Nilikaa barazani nikaiona ile njia niliyosukumia baiskeli ya baba nikiwa kijana: daraja la mto likiwa zima, kila kijiji kina watu. Nikaandika siku mbili. Sikuona hata kama ninadanganya. Niliipenda mno njia ile.

Profesa akapanga kwa maandishi yangu. Akawaambia mama wa Wamaza hakuna haja ya ghala, mpunga utoke shambani moja kwa moja. Mvua ikaanza. Daraja lilikuwa limekwisha kwenda na maji. Wasukuma baiskeli wakasubiri mtumbwi, magunia yakilowa, wakafika siku ya sita. Tulipofungua, mpunga ulikuwa umeota. Mashine haikuwa na cha kukoboa.

Mama mmoja wa Wamaza alitoa machipukizi guniani, akayaweka kiganjani, akaniangalia. "Kaka, hii njia uliandika, iko ya mwaka gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ule ulikuwa mpunga wa shamba lake lote.

Profesa akasimama akasema hesabu zake ni mbovu, hafai tena kufundisha mtu. Nami begi langu lilikuwa tayari, pikipiki ya kwenda Salamabila inanguruma. Kunyamaza tu kungetosha, niende zangu. Sijui nini kilinishika miguu. Nikasema, "Prof, hesabu zako ni nzuri. Mimi sikupita."

Akaketi tena. Kisha akasema, "Na mimi sikutoka kwenye kiti. Kesho tunapita wote."

Tulipita, mama yule mbele. Kila mteremko aliniita: "Andika hapa, kaka. Andika na matope. Usiache!"

Leo ghala liko Wamaza, kabla ya kivuko. Mpunga unakauka, unangoja mtumbwi. Lakini ule ulioota haukurudi, na mama yule siku nyingine hanisalimii. Ana haki.

Ninawashukuru wasukuma baiskeli walionivumilia, na profesa ambaye hakunitaja popote kwa kosa lile. Na wewe mama, uliyenitembeza.

Nawaambia, kumbukumbu tamu hazibebi gunia. Mutu akiwaelekeza njia, hata kama ni mimi, mumuulize kwanza alipita lini.