Mzizi Uliojizungusha

"Umekuja kukaa, au umekuja kusubiri?"

Shangazi yangu aliniuliza hivyo siku niliyoshuka na begi hapa Itaka. Nikasema naenda kunawa miguu.

Mama zangu, na nyinyi baba zangu mliokuja kuchukua miche, mmeniomba niseme neno kabla hatujagawana. Mnanijua. Mimi ndiye ninayeuliza maswali mpaka mwenyekiti anafunga kikao. Kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho yangu tu.

Nilimaliza chuo, nikapata kazi Tunduma, kwenye ofisi ndogo ya kushughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka. Ofisi ikafungwa. Sikumwambia mtu. Nikabaki chumbani, pazia limefungwa, nasikiliza honi za malori kwenye foleni, na kila Jumapili nampigia shangazi kumwambia kazi inaendelea vizuri. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: kuna wiki sikuoga. Kuna siku nilikaa na kijiko mkononi nikashindwa kujua kama nina njaa. Miezi saba ilipita hivyo, ndipo nikarudi.

Shangazi hakunihoji zaidi ya lile swali moja. Asubuhi yake alinipeleka kitaluni, akanionyesha miche mia mbili ya kahawa kwenye viriba vidogo vya plastiki. Akasema hii ni yako. Ihamishie kwenye viriba vikubwa, uitunze, na mvua zikianza itakwenda kwa wale waliong'oa mibuni ya zamani. Baadhi yenu mlikuwa mmeshachimba mashimo.

Akanionyesha namna yake. Unachana kiriba kidogo, unashika udongo usimwagike, kisha unachukua wembe na kukata ncha ya mzizi mkuu.

Nikauliza, kwa nini tunaukata mzizi wa kitu tunachotaka kiishi? Akasema ndivyo tunavyofanya. Jibu hilo silipokei mpaka leo, na yeye anajua. Nilingoja aondoke, nikahamisha miche yote bila kukata hata mmoja. Msicheke. Niliionea huruma. Nilikuwa najiona mimi ndiye niliyekatwa, sikutaka kushika wembe.

Ikakaa vizuri, ikanitia kiburi. Halafu kiangazi kikaingia, majani yakaanza kugeuka manjano, mstari baada ya mstari. Nikamwagilia, ikazidi. Siku moja nikahesabu miche iliyokuwa bado kijani kabisa, nikaacha kabla sijamaliza, nikaenda ndani kufunga begi. Sikuwa na mahali pa kwenda. Nilijua nikirudi kwenye chumba kama kile cha Tunduma, sitatoka tena.

Shangazi alinikuta nimekaa juu ya lile begi. Aliniambia nimletee mche mmoja, ule mbaya kuliko yote.

Akauchana pale mlangoni, akaukung'uta udongo. Mzizi ulikuwa umejikunja chini kama kamba iliyoviringishwa, mduara juu ya mduara, kwa ukubwa uleule wa kiriba kidogo. Udongo mpya ulikuwa umeuzunguka pande zote na mzizi haukuwa umeugusa.

"Huu haujafa," akasema. "Umechoka kujizungusha."

Nikamuuliza, "Na ukikatwa hauumii?"

"Unaumia, mwanangu. Ndiyo maana ukishakatwa unakaa kivulini kwanza. Hatuupeleki juani siku hiyohiyo."

Nililia, mama zangu. Tangu ofisi ifungwe nilikuwa sijalia.

Kesho yake mlikuja, sikuwaita. Mlikaa chini ya kivuli cha nyasi, kila mmoja na wembe wake, tukaanza upya. Mmoja wenu, simtaji, aliniuliza kama digrii yangu ilikuwa ya kuhurumia mizizi. Mwingine akamjibu kwamba hapana, ni ya kumwagilia maji kupita kiasi. Nilicheka mpaka nikauangusha mche. Mche ule ulikufa, na mingine kama sitini. Iliyobaki iko mashambani mwenu, na mwaka huu imetoa maua.

Nawashukuru kwa kutonifukuza, na kwa kutouliza kila asubuhi nimepanga nini. Nitaendelea kuuliza maswali, mjiandae. Ila nimejifunza hivi: mtoto akirudi nyumbani amejikunja, kumhamishia mahali pakubwa peke yake hakutoshi. Mwambieni ukweli unaouma, kisha mwacheni akae kivulini. Wiki mbili, tatu, hata miezi.

Na shangazi, uliyekaa pale nyuma unajifanya unahesabu viriba: nilikuja kusubiri. Nimekaa.

Jambo moja la mwisho. Mwezi uliopita tulikuwa tunajaza udongo, nikamuuliza mama mmoja mbegu ya kahawa huchukua muda gani mpaka ifike kimo cha miche ile niliyopewa. Akasema miezi saba hivi. Akaendelea kujaza, halafu akasema anaikumbuka siku mbegu za miche ile zilipopandwa, maana ilikuwa Jumapili na walishangaa. Shangazi alizima simu baada ya kuongea na mimi, nilipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba kazi inaendelea vizuri, akaenda moja kwa moja kitaluni, akajaza viriba mia mbili ambavyo hakuna mtu aliyeviagiza.