Kigingi cha Marehemu

Tangu basi lilipoondoka Bumala, mrija mrefu wa Mzee Etyang ulikuwa ukimtekenya Mutua sikioni.

“Mzee, unakwenda kuvua samaki?” Mutua akauliza.

“Nakwenda kunywa pombe, wazee wote na mirija yetu katika chungu kimoja. Huu ni wa marehemu baba. Matanga yamekwisha, na leo wazee wananikabidhi kigingi chake pale kilabu cha zamani, katikati ya Busia.”

“Kile cha mviringo, chenye ukuta wa udongo?”

“Hichohicho. Kila kigingi ukutani kina mwenyewe. Asiye na pa kutundika mrija, huyo bado kijana.”

Mutua, aliyekuwa fundi wa ujenzi, aliipakata nyundo yake. “Basi harakisha uzeeke. Mwenye kilabu ameniita nibomoe ukuta huo leo. Anasema Uhuru una miaka mitatu, tunywe bia ya chupa.”

“Kila mtu na chupa yake?”

“Peke yake.”

“Kama mgonjwa na dawa,” mzee akasema.

Abiria wa nyuma wakacheka. Mutua naye akacheka, ingawa aliyechekwa ni yeye.

Basi likasimama Busia. Mzee akashuka wa kwanza, mrija begani, kwa mwendo usio wa mzee. Mutua alibaki akitafuta nyundo chini ya kiti, nayo ilikuwa mkononi mwake.